Ujirani wa kromosomu ndani ya seli na uvimbe wa taya kwa watoto

MZAZI, hebu chukulia kwamba mtoto wako wa miaka sita amekujia akilalamika kuwa jino lake la nyuma linacheza. Unatabasamu, kwani huo ndio umri wa kung'oka meno ya utotoni. Baada ya siku chache jino la pili linalegea, kisha la tatu, na shavu linaanza kufura upande mmoja.

Jirani mmoja anakwambia ni jino bovu, limng'olewe. Mwingine anakunong'oneza kuwa mtoto amepigwa jicho baya. Wewe unanunua dawa ya maumivu dukani na kungoja. Wiki mbili baadaye uvimbe umepanda hadi kwenye jicho.

Huenda mtoto huyo anaugua saratani inayojulikana kama limfoma ya Burkitt. Hii ni mojawapo ya saratani zinazokua kwa kasi kubwa zaidi kuliko zote zinazompata binadamu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili tu. Hata hivyo, ikitambuliwa mapema, ni saratani inayotibika na kupona kabisa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba balaa hii yote huanzia mahali padogo mno, ndani ya kiini cha seli moja tu ya damu. Humo, kromosomu mbili zinazokaa karibu hukatika, kisha zikaunganishwa visivyo.

Leo, msomaji mpendwa, tutaingia ndani ya kiini hicho. Tutaona jinsi wanasayansi walivyofaulu kutazama mpangilio wa kromosomu, na kwa nini mpangilio huo una uzito kwa afya ya mtoto wako.

UZI WA MITA MBILI

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona bila hadubini. Karibu kila seli ina kiini. Ndani ya kiini mna uzi mwembamba uitwao DNA, na katika uzi huo mmeandikwa maagizo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili. Agizo moja moja ndilo tunaloliita jeni.

Uzi huo haukai kama kamba moja ndefu. Umegawanyika katika vipande 46 viitwavyo kromosomu. Vipande 23 ulivipata kutoka kwa mama, na 23 kutoka kwa baba. Wataalamu wamevipa nambari, kuanzia kromosomu ya 1 ambayo ni kubwa kuliko zote, hadi ya 22, pamoja na zile mbili zinazohusika na jinsia, X na Y.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kromosomu za binadamu ni 48. Ni mwaka wa 1956 ambapo Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya kazi nchini Sweden, walitangaza kwamba walizihesabu vyema na kupata 46. Kosa hilo la miaka mingi linakuonyesha jinsi ilivyo vigumu kuona yaliyomo ndani ya kiini.

Ugumu wenyewe ni huu. Ukiunganisha DNA yote iliyomo katika seli moja na kuinyoosha, utapata uzi wa urefu wa takriban mita mbili, kushinda kimo cha watu wengi. Lakini kiini kinachoubeba kina upana wa takriban sehemu 6 kati ya 1,000 za milimita moja.

Ili upate picha, fikiria kwamba tumekikuza kiini hicho hadi kikawa na ukubwa wa chungwa dogo. Uzi uliomo nao ungekuwa na urefu wa kilomita 20, karibu umbali wa kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Ruiru. Kilomita zote hizo zimo ndani ya chungwa, na wala hazijatatizana.

Zinaeneaje? Uzi wa DNA huzungushwa kwenye protini ndogo ndogo ziitwazo histoni, kama vile fundi cherehani anavyozungusha uzi kwenye bobini. Kila bobini huzungukwa karibu mara mbili, kisha uzi ukaendelea hadi bobini inayofuata. Mabobini hayo nayo hukunjwa na kukunjwa tena.

JE, NI TAMBI AU NI MTAA?

Bila shaka umewahi kuona picha ya kromosomu katika kitabu cha baiolojia. Zilionekana kama vijiti vinene, vingine vikiwa na umbo la herufi X. Lakini kromosomu huwa na umbo hilo kwa muda mfupi tu, wakati seli inapojiandaa kugawanyika ziwe mbili.

Mjerumani Walther Flemming alizichora vizuri katika kitabu chake cha mwaka wa 1882, baada ya kuzitia rangi na kuzitazama kwa hadubini. Mwaka wa 1888 Mjerumani mwenzake, Wilhelm Waldeyer, aliziita kromosomu, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwili wenye rangi.

Seli ikimaliza kugawanyika, vijiti hivyo hulegea na kutanda. Ukitazama tena unaona kiini kilichojaa ukungu. Huwezi kujua kromosomu hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Na huo ndio wakati ambapo seli inafanya kazi zake nyingi na kuzisoma jeni zake.

Hapo pakazuka swali. Je, nyuzi hizo 46 huchanganyikana kama tambi sufuriani, au kila moja ina eneo lake, kama vile kila familia ilivyo na ploti yake mtaani?

Carl Rabl, aliyechunguza seli za salamanda, alipendekeza mwaka wa 1885 kwamba kromosomu haziondoki mahali pake hata zinapolegea. Mwaka wa 1909 Theodor Boveri, aliyetumia mayai ya minyoo wa farasi, aliunga mkono wazo hilo na kuliita eneo la kila kromosomu himaya yake.

Lakini katikati ya karne ya 20 hadubini za elektroni zilipoanza kutumika, wataalamu waliona nyuzi tupu zilizosongamana, zisizo na mpaka wowote. Wengi wakaliacha wazo la Boveri na kuamini kwamba kiini ni sufuria ya tambi.

JARIBIO LA NDUGU WAWILI

Waliolifufua wazo hilo ni ndugu wawili wa Ujerumani, Thomas Cremer na Christoph Cremer, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mbinu yao ilikuwa rahisi kuielewa. Walichukua seli hai za panya buku wa Kichina na kuelekeza mwale mwembamba sana wa leza kwenye sehemu ndogo tu ya kiini. Mwale huo ulijeruhi DNA iliyokuwa mahali hapo.

Tafakari nao kidogo. Ikiwa nyuzi zimechanganyikana kama tambi, uma ukichoma mahali pamoja utagusa karibu tambi zote. Basi kromosomu nyingi zingepata jeraha dogo dogo. Lakini ikiwa kila moja ina eneo lake, basi ni chache tu zitakazojeruhiwa, zile zilizokuwa zikikaa mahali pale.

Walingoja hadi seli zilipoanza kugawanyika na kromosomu zikaonekana wazi, kisha wakatafuta majeraha. Waliyakuta kwenye kromosomu chache tu. Boveri alikuwa amesema kweli.

KUPAKA RANGI KILA KROMOSOMU

Jaribio hilo lilithibitisha, lakini halikuonyesha picha. Picha yenyewe ilipatikana baada ya kubuniwa kwa mbinu ya kuipaka kila kromosomu rangi yake.

Mbinu hiyo hufanya kazi hivi. DNA ina nyuzi mbili zilizoshikana kama meno ya zipu, na kila upande hushikana na mwenzake wa sawasawa tu. Mtaalamu huchukua seli, akazipasha joto hadi zipu ikafunguka. Kisha hutia vipande vidogo vya DNA ambavyo vimeundwa vifanane na kromosomu anayoitafuta, na ambavyo vimebandikwa rangi inayong'aa.

Seli zikipoa, vipande hivyo hutafuta mahali panapolingana navyo na kujifunga hapo. Ukimulika kwa mwanga maalum chini ya hadubini, kromosomu hiyo peke yake huwaka, nyekundu au kijani, na nyingine zote zikabaki gizani.

Mwaka wa 1988 watafiti walifaulu kuipaka kromosomu nzima kwa njia hii. Walipotazama viini vya seli ambazo hazikuwa zikigawanyika, hawakuona rangi iliyotapakaa kote. Waliona madoa mawili yaliyojitenga, moja kwa kila kromosomu ya jozi ile. Ule mtaa wenye ploti ulionekana kwa macho.

Kufikia mwaka wa 1996 rangi zilichanganywa kiasi cha kumwezesha mtaalamu kutambua aina zote 24 za kromosomu kwa wakati mmoja. Na mwaka wa 2005 watafiti walichapisha ramani inayoonyesha mahali pa kromosomu zote 46 ndani ya kiini kimoja cha seli ya binadamu, kwa urefu, upana na kina.

NANI ANAKAA WAPI?

Mara tu ramani zilipopatikana, ilibainika kwamba ploti hazigawanywi ovyo. Mfano mzuri ni kromosomu ya 18 na ya 19. Kwa ukubwa hazipishani sana, lakini ya 18 ina jeni chache ilhali ya 19 imesheheni jeni.

Mwaka wa 1999 kundi la watafiti wa mjini Edinburgh, akiwemo Wendy Bickmore, lilionyesha kwamba katika seli nyeupe za damu kromosomu ya 18 hukaa pembeni, karibu na ukuta wa kiini, nayo ya 19 hukaa katikati. Kwa jumla, sehemu za DNA zinazosomwa kwa wingi hupenda kukaa ndani, na zile zilizonyamaza husukumwa pembezoni.

Isitoshe, ujirani wa seli ya ini si ule wa seli ya damu. Kromosomu zinazopakana katika seli ya aina moja huenda zikawa mbalimbali katika seli ya aina nyingine. Na hata katika seli za aina moja, mahali penyewe hubadilika kidogo kutoka seli hadi seli. Kwa hivyo tunapozungumzia ujirani tunamaanisha mahali ambapo kromosomu hupatikana mara nyingi, wala si nyumba yenye msingi wa saruji.

Mwaka wa 2009 ilitokea njia nyingine ya kuchunguza ujirani huo bila kutumia hadubini. Watafiti nchini Marekani, wakiwemo Erez Lieberman-Aiden na Job Dekker, walitumia formalini, kemikali ile ile ya jamii inayotumika kuhifadhi maiti. Formalini hugandisha kila kitu pale kilipo, hivyo nyuzi za DNA zilizokuwa zikigusana hubaki zimeshikana.

Baadaye nyuzi hukatwakatwa, na ncha zilizo karibu zikaunganishwa. Kisha mashine husoma mamilioni ya viungo hivyo na kompyuta ikahesabu ni nani aliyekuwa kando ya nani. Matokeo yaliafikiana na yale ya rangi. Kromosomu hushughulika zaidi na mambo yake, na zile fupi zenye jeni nyingi hukutana mara kwa mara.

UJIRANI UNAPOGEUKA KUWA HASARA

Pengine sasa unauliza, haya yote yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu DNA hukatika. Hukatika kwa mionzi, kwa kemikali, na hata kwa shughuli za kawaida za seli. Seli nayo ina mafundi wake, yaani protini ambazo hushika ncha zilizokatika na kuziunganisha tena.

Mara nyingi mafundi hao hufanya kazi nzuri. Lakini ikiwa kromosomu mbili zilizo jirani zimekatika wakati mmoja, kuna ncha nne zinazoning'inia mahali pamoja. Fundi anaweza kukosea akaunganisha kipande cha huyu na kipande cha yule. Kosa kama hilo si rahisi kutokea kati ya kromosomu zilizo mbalimbali.

Mfano mmoja ni saratani ya damu ya aina ambayo hukua polepole, hasa kwa watu wazima. Mwaka wa 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa mji wa Philadelphia waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa. Mwaka wa 1973 Janet Rowley wa Chicago akaeleza kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Ujuzi huo ndio uliozaa dawa ya vidonge iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2001, ambayo huzima hitilafu hiyo moja kwa moja.

Mfano wa pili unatuhusu sisi Waafrika Mashariki kwa karibu zaidi.

DAKTARI WA MULAGO

Mwaka wa 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Alionyeshwa mtoto aliyefura taya pande zote. Muda si mrefu akaona mwingine. Alipekua kumbukumbu za hospitali na kukuta kwamba uvimbe huu ulikuwa umewapata watoto wengi, na mwaka wa 1958 aliandika kuuhusu.

Mwaka wa 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 wakizuru hospitali za Afrika, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini. Walichogundua ni kwamba ugonjwa huu hufuata hali ya hewa. Ulipatikana sana katika maeneo ya joto na mvua, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Kwa maneno mengine, ulikuwa ukipatikana palipo na malaria nyingi.

Hapa Kenya, maeneo yanayoathirika zaidi ni yale yanayozunguka Ziwa Victoria, magharibi mwa nchi na ukanda wa pwani. Watoto wanaougua sana ni wa kati ya miaka minne na kumi, na wavulana hupatwa kuliko wasichana.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti waligundua kilichoharibika. Katika takriban wagonjwa 8 kati ya 10, kromosomu ya 8 na ya 14 zimebadilishana vipande. Kwa waliobaki, ya 8 imebadilishana na ya 2 au ya 22.

Kwenye kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike. Kwa kawaida jeni hiyo huwashwa ikihitajika, kisha ikazimwa. Kwenye kromosomu ya 14 kuna jeni ya kuunda kingamwili, silaha za mwili za kupigana na maradhi. Katika seli nyeupe zinazoitwa seli B, jeni hii haizimwi, kwa kuwa kutengeneza kingamwili ndiyo kazi yao.

Sasa kosa likitokea, MYC hukatwa kwake na kuwekwa kando ya swichi ya kingamwili. Swichi hiyo haizimiki. Seli hupokea amri ya kugawanyika mchana na usiku, bila kupumzika. Ndiyo maana uvimbe huu hukua ukiutazama.

Mbona iwe ya 8 na ya 14 mara nyingi hivyo? Mwaka wa 2003 Tom Misteli na wenzake wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani nchini Marekani walizitia rangi jeni hizo katika seli B zisizo na ugonjwa wowote, kisha wakapima umbali kati yao. Walikuta kwamba MYC ilikuwa karibu zaidi na ile jeni ya kromosomu ya 14, ambayo ndiyo hubadilishana nayo mara nyingi, kuliko zile ambazo hubadilishana nayo mara chache.

Yaani, msomaji, ujirani ulikuwepo kabla ya ugonjwa. Kilichokuwa kikingojewa ni ajali.

MBU ANAINGIAJE?

Na ajali hiyo inaletwa na nini? Seli B zina tabia ya kipekee. Zinapojifunza kutengeneza kingamwili bora, zenyewe hukata DNA yao pale kwenye jeni ya kingamwili na kuipanga upya. Kifaa chao cha kukatia ni protini iitwayo AID. Wakati mwingine kifaa hicho huteleza na kukata mahali pasipofaa, ikiwemo jeni ya MYC.

Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huwa na seli B zinazosukumwa kufanya kazi hiyo kupita kiasi. Mwaka wa 2015 watafiti wa mjini New York walichapisha matokeo yaliyoonyesha, kwa kutumia panya, kwamba maambukizi ya muda mrefu ya vimelea vya malaria huongeza kukatika kwa kromosomu kunakosababishwa na AID.

Kuna mshiriki wa pili. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kwa hadubini ya elektroni virusi vipya ndani ya seli za uvimbe ulioletwa London kutoka Uganda. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr. Huenea kwa mate, na karibu watu wazima wote ulimwenguni wamewahi kuvipata bila kujua. Virusi hivi hujificha ndani ya seli B na kuzisaidia kuendelea kuishi, hata zile ambazo zingepaswa kufa kwa sababu zimeharibika.

Kwa hivyo malaria huongeza mikato, virusi huzilinda seli zilizoharibika, na ujirani wa kromosomu huamua ni ncha zipi zitakazokutana. Watoto wengi sana hupata malaria na virusi hivyo, lakini ni wachache mno wanaopata saratani hii, kwa maana ni lazima mambo yote yaangukiane katika seli moja.

SI LAANA WALA SI URITHI

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi anafaa kulishika. Kosa hili hutokea katika seli moja ya mtoto baada ya kuzaliwa. Halikutoka kwa mama wala kwa baba. Ndugu zake hawakulirithi, na huwezi kuambukizwa saratani hii kwa kula au kulala na mgonjwa. Si laana ya ukoo, si jicho baya, wala si adhabu.

Familia zinazopoteza majuma zikitafuta aliyemroga mtoto, au zikilaumiana ni upande upi ulioleta ugonjwa, hupoteza muda ambao mtoto hana.

HOSPITALINI WATAFANYA NINI?

Daktari akishuku ugonjwa huu atachukua kipande kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe kwa hadubini. Usiogope kipimo hicho. Si kweli kwamba sindano au kisu huamsha saratani.

Pale penye vifaa, mtaalamu wa maabara anaweza kutumia ile ile mbinu ya rangi tuliyoieleza. Hupaka upande mmoja wa jeni ya MYC rangi nyekundu, na upande wa pili kijani. Ikiwa jeni ni nzima, rangi hizo mbili hukaribiana na kuonekana kama manjano. Ikiwa imekatwa, nyekundu huonekana huku na kijani kule. Uvumbuzi uliotokana na swali la tambi na mtaa sasa humwambia daktari ni ugonjwa gani anaoukabili.

Matibabu yake ni dawa, si upasuaji mkubwa. Burkitt mwenyewe, akiwa Kampala, aliona jinsi dawa kama saiklofosfamidi zilivyoyeyusha uvimbe kwa siku chache. Seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazouawa upesi na dawa hizi. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wanaougua ugonjwa huu hupona. Kwetu idadi hiyo ni ndogo, na sababu kubwa ni kwamba watoto hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, au huachishwa dawa kabla ya wakati.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja, si juma lijalo, ukiona lolote kati ya haya:

• Taya au shavu linafura, hasa ikiwa halina maumivu makali na linaongezeka kila siku.

• Meno kadhaa yanalegea kwa pamoja, au meno ya nyuma yanacheza kabla ya wakati wake.

• Jicho moja linasukumwa nje.

• Tumbo linavimba na kuwa gumu kwa muda wa siku chache.

• Miguu inakosa nguvu ghafla, au mtoto anashindwa kuzuia haja.

Usikubali meno yang'olewe moja baada ya jingine bila taya kuchunguzwa. Ukiandikiwa dawa ya kuua bakteria na uvimbe ukazidi baada ya siku chache, rudi na uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Miongoni mwa hospitali za umma zinazotibu saratani za watoto ni Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu.

Hakikisha familia yako imesajiliwa na SHA kabla ya kuugua. Na mtoto akianza dawa, mkamilishe. Uvimbe hutoweka haraka na mtoto akaanza kucheza tena, nao wazazi wakadhani kazi imekwisha. Seli chache zinazobaki hurudi na nguvu mpya.

Nawe unayeishi Nairobi usidhani kwamba haya ni ya watu wa ziwani au pwani peke yao. Watoto wetu hupelekwa mashambani likizoni, na jamaa zetu wengi wanaishi huko. Wape chandarua kilichotiwa dawa na uhakikishe wanalala ndani yake. Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria na kutibiwa kikamilifu.

Huwezi kuzihamisha kromosomu za mwanao zikae mbalimbali. Lakini unaweza kumkinga na mbu, na unaweza kumtazama kinywani anapolalamika kuhusu jino. Leo jioni, kabla hajalala, mwambie afunue kinywa uangalie.